Wanafunzi wa 2020 wameanza kuingia karakanani

Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona Machi 17, 2020, huyu kijana niliye naye sasa alikuwa darasa la nne. La saba alishamaliza, sekondari hakuchaguliwa, na mjomba wake akamleta karakanani kwangu Nkuhungu, Dodoma: "Kaka, nakuachia huyu, mfundishe kazi." Kazi yenyewe ni madirisha ya aluminiamu. Tangu Serikali ihamie Dodoma hatujakaa bure. Mimi nilisoma uchumi Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa hiyo mafundi wangu wameshazoea nikianza hotuba. Ya leo, kuhusu masomo yaliyopotea miezi ile, nimeona niiandike.

Chukua dirisha ambalo ukishatoa unene wa fremu linabaki sentimita 145, na linatakiwa kugawanywa mara tatu. Unapima, unatoa unene wa fremu, unagawa, unaweka alama, unakata. Kijana ana mikono mizuri, hachelewi, hana maneno mengi. Kwenye kugawa anakwama. Anafika 48, halafu ile nukta tatu inayofuata haimwambii kitu. Bomba la aluminiamu lina mita sita, na ukilikata pafupi huliungi tena. Basi msumeno simpi. Anabeba vioo, anashika ngazi, anapaka silikoni, na jioni anapokea 15,000 wakati mwenzake anayekata anapokea 30,000.

Wachumi wawili, Eric Hanushek na Ludger Woessmann, walikadiria mwaka 2020 kwamba mwanafunzi aliyepoteza theluthi ya mwaka wa masomo atapungukiwa karibu asilimia 3 ya kipato chake maisha yake yote. Benki ya Dunia, UNESCO na UNICEF wakaja mwaka uliofuata na hasara ya dola trilioni 17 kwa kizazi kizima duniani, namba ambayo hapa Nkuhungu haina wa kuibeba. Mimi nabaki na asilimia 3. Kwa mtu wa 400,000 kwa mwezi ni 12,000: vocha na nauli za bajaji, hata hushtuki. Kwa miaka 40 ni 5,760,000, karibu bodaboda mbili mpya. (Nimejumlisha tu, thamani ya fedha kushuka sijaigusa. Mwalimu wangu akipita hapa anisamehe.)

Na hapo tumechukulia kwamba kilichopotea ni ile miezi tu. Pakistan inaonyesha vingine. Tetemeko la Oktoba 2005 lilifanya watoto wakose shule kama wiki 14. Sisi tulikaa kuanzia Machi 17 hadi Juni 29, karibu wiki 15, likizo ya Juni ikiwa humo humo. Tahir Andrabi, Benjamin Daniels na Jishnu Das waliwapima watoto wale miaka minne baadaye, wakakuta walioishi karibu na ufa wa tetemeko wako nyuma kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Wiki 14 tu! Walirudi darasani, somo likasonga, na ambaye hakuelewa la jana hakuwa na pa kushikia la leo. Isipokuwa watoto ambao mama zao walimaliza elimu ya msingi. Hao hawakuachwa.

Kijana wangu anasema waliporudi walianza mada mpya moja kwa moja, na Januari 2021 akawa darasa la tano. Kwao ni Bahi. Vipindi vya masomo redioni vilikuwepo, lakini miezi ile mpunga unakomaa na mtoto yuko shambani anafukuza ndege. Simlaumu mama yake. Ndege hawasubiri kipindi kiishe. Uganda walikuja kufungua shule zote Januari 2022, na hesabu yao hata sitaki kuigusa.

Rafiki yangu mmoja mhasibu huniambia nakuza mambo, watoto watafidia ukubwani, na ana mfano wake mzuri. Ujerumani Magharibi ilifupisha miaka ya masomo 1966 na 1967 ili kuhamisha tarehe ya kuanza mwaka wa shule. Jörn-Steffen Pischke alipowafuatilia waliosoma wakati huo, aliona waliorudia darasa waliongezeka, lakini mishahara yao ya ukubwani haikushuka. Sawa, nakubali. Lakini wale walifupishiwa kwa mpango, mwalimu akiwa ubaoni, na aliyeshindwa akarudishwa nyuma kujazia. Huyu wangu alivushwa na pengo lake. Kama kuna kinachoamua nani atafidia na nani hatafidia, naona ni hicho, kuliko hesabu ya wiki.

Wala sidai korona ndiyo iliyomnyima nukta tatu. Darasa lao lilikuwa na watoto wengi, na huenda angekwama tu. Ila akiniambia "hapo mimi sikuwepo", anajua anachosema.

Mjomba wake anataka apandishwe posho. Nimemwambia atapanda siku atakayokata peke yake. Kwa hiyo Jumamosi mchana, kazi zikipoa, tunakaa na vipande vilivyobaki na tepu, tunagawa. Nusu na robo ameshaziweza, hata kwa kichwa. Theluthi bado inamgomea, na wateja wa siku hizi wanapenda dirisha la vioo vitatu.