Nilitaka Kulima Malisho, Trekta Likaharibika

Nilikuwa nimeshamlipa mwenye trekta nusu ya pesa yake. Nilitaka anilimie ekari sita, ang'oe kila kilichoota, kisha nipande brakiaria, nyasi ya malisho, ya pakiti niliyoinunua Kampala kwa bei ya kuumiza. Trekta likavunjika gia njiani. Spea ikangojwa wiki tano, na hizo wiki tano ndizo zilizoniokoa.

Niko upande wa Kigumba, wilaya ya Kiryandongo. Zamani nilikuwa dereva wa lori barabara ya Kampala kwenda Gulu, na Kiswahili changu ni cha barabarani. Huku hakinipi tabu, maana Mnyoro, Mwacholi, Mualur na wajukuu wa Wakenya waliohamia zamani wote tunakutana humo. Nilipoacha lori nilipata ekari 36 na ng'ombe 19, zebu na machotara wa Ankole, nikawaachia watembee watakako. Miaka miwili haikuisha, ardhi karibu na kisima ikabaki nyekundu tupu. Kwingine kulijaa sporobolusi, zile nyasi ngumu kama kamba ambazo ng'ombe akizivuta anaziacha. Nikaamua kwamba shamba langu halina nyasi.

Mzee mmoja wa Wahima, watu wa kufuga, anayenichungia ng'ombe ndiye aliyenishika mkono. Kuna robo ekari niliyokuwa nimeizungushia seng'enge nikitarajia kujenga, na ng'ombe walikuwa hawajaingia humo tangu mvua za mwaka uliotangulia. Tukasimama kwenye waya.

"Dereva," akasema (mpaka leo ananiita Dereva), "hizi ulizipanda lini?"

"Sijapanda kitu humo, mzee."

"Basi trekta linakuja kulima nini?"

Humo mlikuwa na nyasi za hiparenia zilizofika kiunoni, nyasi za panikamu chini ya mti wenye kivuli, na pembeni brakiaria ya porini kabisa, jani pana, ukilikata linatoa maji. Brakiaria ileile! Baadaye nilisoma kwamba aina maarufu inayoitwa Basilisk ilianzia kwenye mbegu iliyopelekwa Australia kutoka Uganda mwaka 1930, ikaja kuenea mpaka malisho ya Brazil. Sisi tunainunua kwenye pakiti. Nilicheka peke yangu.

Basi nikaligawa shamba vipande tisa vya ekari nne nne. Sikuwa na pesa ya kuweka waya ndani, kwa hiyo mipaka ikawa kichuguu, mwembe, mtaro wa maji, njia ya kwenda kwa jirani. Mzee na fimbo yake ndio ua. Ng'ombe wakawa wanakaa siku nne, wanahama, na kipande kinapumzika siku 32 kabla hawajarudi. Siku nne si za kubahatisha. Nyasi iliyoliwa hutumia akiba iliyo kwenye shina na mizizi kutoa jani jipya, na jani hilo ni laini, ndilo ng'ombe analolikimbilia kwanza. Akilirudia mapema, akiba imeisha na mizizi haijajijenga. Meno ya pili ndiyo yanayoua. Sporobolusi, kwa kuwa haipendwi, inabaki na kurithi nafasi.

Msimu wa kwanza, Machi hadi Mei, mambo yalikwenda vizuri nikaanza kujisifu. Ikaja Juni na kiangazi chake kifupi, na mimi bado nahesabu siku nne kama ratiba ya basi. Mzunguko uliofuata tukaingia kwenye vipande vyenye nyasi za urefu wa kiganja. Tukala akiba. Mzee aliniambia, "Dereva, unafuata saa. Nyasi hazina saa." Tangu hapo tunapima kwa mwili. Tunaingia nyasi zikifika gotini, tunatoka zikibaki urefu wa ngumi iliyosimamisha kidole gumba. Mvua zikiwa nzuri hiyo inaweza kuwa siku 28 za kupumzika, na ukavu ukianza inapita 60. Kupumzisha zaidi nako kuna hasara yake, kwani hiparenia ikishatoa maua shina linakuwa mti na nguvu yake inaondoka.

Kitu ambacho wengi hawapendi kusikia ni kwamba mzunguko haukuongezi ng'ombe. Mwezi wa Desemba nilihesabu vipande vyenye chakula mpaka Machi nikaona havitoshi, nikauza madume matatu kabla hayajakonda. Mke wangu hakunisemesha siku mbili.

Februari moto wa wawindaji uliingia ukamaliza vipande viwili. Majani mabichi yalipochomoza juu ya majivu ng'ombe walikuwa wanalia kuyafuata, na mimi mwenyewe nilitaka kuwaachia. Mzee akakataa katakata, na nashukuru. Siku hizi mwezi wa Novemba tunafyeka njia pana kuzunguka shamba, jasho jingi, lakini moto wa mwaka uliofuata uliishia hapo.

Kuhusu kile kipara karibu na kisima, mzunguko peke yake haukukisaidia. Mchwa walikuwa wanamaliza kila kilichojaribu kuota. Wenzetu wa Nakasongola wanasumbuliwa na hao mchwa kuliko sisi, na wataalamu wa Makerere walijaribu huko kulaza ng'ombe usiku juu ya ardhi tupu kisha kupanda nyasi. Nikaiga. Nilihamishia zizi pale wiki mbili, samadi ikatapakaa, kwato zikavunja ule ugumu wa juu, mvua za Agosti zikakuta mbegu nilizokusanya kwa mkono kutoka ile robo ekari. Sehemu kubwa imefunikwa. Na pakiti ya Kampala? Niliimwaga hapohapo, sina ugomvi na mbegu.

Usidanganywe kwamba mzunguko unaua kupe. Kupe mkubwa anaweza kungoja miezi mingi bila kula, siku zako 32 kwake ni usingizi wa mchana. Naendelea kuogesha ng'ombe kama zamani. Na miti usiikate yote ukidhani unafungulia nyasi jua. Panikamu yangu nzuri kuliko zote iko chini ya kivuli.

Mwenye trekta alitengeneza gia yake. Pesa yangu hajairudisha, anasema ni ya mafuta aliyochoma njiani. Kila Machi anapita akiniuliza aje kulima lini, na kila Machi mzee anamkaribisha chai, anamwonyesha kipande cha nne, halafu wanaanza kubishana upya.