Hana Alikula Kabla ya Jibu

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wiki hii nimekaa na mstari mmoja tu, 1 Samweli 1:18. Huko nyuma nilikuwa naupita mbio nikiuwahi mstari wa 20, kule mtoto anakozaliwa. Safari hii nimekwama njiani. Hana anaagana na kuhani Eli, anakwenda zake, anakula chakula, na uso wake haukunjamani tena.

Anakula! Huyu ndiye mama asiyejaliwa mtoto, ambaye mwaka baada ya mwaka, kila walipopanda kwenda Shilo kuabudu, Penina mke mwenzake alimchokoza mpaka akaishia kulia na chakula kikamshinda. Mumewe Elkana alimbembeleza, akamuuliza kama yeye si bora kwake kuliko wana kumi. (Swali la mume mwenye upendo lakini asiyejua la kufanya. Hatuambiwi kama Hana alilijibu, na sijui angejibu nini.) Sasa tazameni alipokaa kula siku ile: tumbo lilikuwa vilevile, Penina alikuwa palepale. Hata Eli aliyembariki hakujua anabariki nini, maana hakuna mahali tunaposoma kwamba Hana alimtajia haja yake, na muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa amemdhania amelewa. Mtoto hakuwapo bado. Furaha ilimtangulia.

Tukisikia neno kujisalimisha, wengi wetu tunafikiri ni kumeza machungu na kunyamaza kimya. Hana hakunyamaza. Midomo ilimcheza, alilia sana, na Eli alipomkemea alimjibu kwa adabu kwamba ameimimina nafsi yake mbele za Bwana. Ameimimina! Mtungi uliomiminwa haubaki na kitu cha kurudi nacho nyumbani. Mimi, niseme ukweli, huomba kwa maneno yaliyonyooka, yenye heshima zote, kisha nikisimama kutoka magotini nakuta furushi langu liko kwapani bado. Sikulitua. Nilimwonyesha tu Mungu, nikalifunga tena vizuri.

Kuna picha ndogo katika Zaburi 131 inayonisaidia hapa. Mwenye zaburi anasema ameituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa kunyonya, kifuani mwa mama yake. Aliyeachishwa, si anayenyonya. Yule anayenyonya ukimpakata tu, mdomo unatafuta ziwa, vidole vinavuta nguo, na akikosa nyumba nzima inajua. Aliyeachishwa ameshazipita zile siku za kilio na zile usiku za kugaragara, ambazo hakuzichagua wala hakuelewa kwa nini mama yuleyule aliyempenda jana anamnyima leo. Sasa kaegemea, anachezea upindo wa nguo ya mama, hatafuti kitu. Titi halipo, mama yupo, naye katulia. Nadhani subira ya mwamini inafanana na huko kuachishwa kuliko inavyofanana na kukaa foleni. Wa foleni macho yake yako dirishani muda wote. Na ajabu ni kwamba kuachishwa hakumwondoi mtoto kifuani. Kunamfanya akae pale kwa sababu nyingine.

Hana naye, mwanawe Samweli alipopatikana, alikaa naye nyumbani mpaka alipomwachisha, ndipo akampeleka Shilo akae kwa Bwana, kama alivyoweka nadhiri alipomwomba. Mara nyingi tunahubiri sehemu ya kupokea, tukiipita haraka hii ya kurudisha. Yule aliyeombewa kwa machozi yote yale alilala mbali na mama yake tangu siku hiyo. Baadaye Mungu alimjalia wana watatu na binti wawili, lakini mwenye watoto anajua kwamba mmoja hazibi nafasi ya mwingine.

Sura ya pili, mstari wa 19, inasema kila mwaka mama yake alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea walipopanda kutoa dhabihu. Haisemi alipimaje. Namwona ameketi na kitambaa, akijaribu kukumbuka mwaka jana kichwa cha mtoto kilimfika wapi, akiongeza vidole viwili mikononi, akisita, akiongeza na cha tatu. Chini anaacha upindo mpana.