Tulikwenda Magharibi Kutazama Wafu

Binamu yangu ana ugonjwa wa makumbusho ya kutisha. Aliupata Marekani alipokwenda kusoma, kwenye Mütter Museum ya Philadelphia, ambako kuna mafuvu 139 yaliyopangwa kabatini, na ubongo wa Einstein umekatwa vipande vyembamba ukabanwa katikati ya vioo. Baadaye akapita Paris, akashuka kwenye mahandaki yenye mifupa ya watu wapatao milioni 6, akanipigia simu kwa furaha kama ya bi harusi. Mimi nimelelewa Mombasa nikiambiwa nikinyooshea kaburi kidole, kidole kitapinda. Nilimuuliza kama amelipa pesa kuona vile. Amelipa, tena kwa foleni.

Sasa yuko Nakuru kikazi, na ugonjwa haujapona. Aliniambia nipande nije, hatuhitaji visa wala ndege, matatu zinatosha: tutatazama wafu wa hukuhuku. Nikakubali, kwa kuwa nilikuwa sijawahi kuvuka Nakuru kwenda mbele, na pia kwa kuwa alisema nauli ni juu yake. (Nauli ilikuwa juu yake mpaka Eldoret. Baada ya hapo kila mtu alijijua.)

Tulianza na Hyrax Hill, kilomita 4 hivi kutoka mjini. Kilima kimepewa jina la pimbi, na pimbi sikuona hata mmoja. Mary Leakey alichimba hapa kuanzia 1937 akakuta makaburi ya zama mbili: ya watu wa enzi za mawe, na ya wengine waliokuja baadaye sana, enzi za chuma, mifupa ya watu 19, wengi wao vijana wa kiume. Binamu alitaka kujua walikufaje. Mimi kilichonishika ni yale makaburi ya zamani zaidi. Wanawake walizikwa na sahani zao za mawe, na mawe ya kusagia. Wanaume walizikwa mikono mitupu. Mwelekezi alilisema hilo kwa heshima, kwamba huenda wanawake walitukuzwa. Nikamwambia huenda pia walitarajiwa kupika hata huko walikokwenda. Alicheka, akasema mimi si wa kwanza kulisema.

Humo kilimani pia zilipatikana sarafu 6 za Kihindi, moja ya karibu miaka 500, mbili za 1918 na 1919, na zilivyofika hapo pamoja ni fumbo. Kwa mtu wa pwani fumbo ni dogo. Pesa ya Kihindi imetembea nchi hii kabla ya barabara. Lakini kilichonikalisha chini kabisa ni bao. Vishimo vimechongwa kwenye mwamba wenyewe, safu kwa safu, na vimelainika ndani kama kikombe kilichotumika sana. Niliokota vijiwe nikaanza kugawa kete, binamu akawa ananivuta mkono twende, jua linawaka. Mbele yetu ziwa Nakuru linametameta, nyuma yetu malori yanapanda yakilia. Nilikataa kuondoka mpaka nimalize mkono mmoja.

Safari ya Nandi Hills sitaisimulia, ila niseme tu kwamba matatu ya abiria 14 ilibeba 19, na mmoja wao alikuwa na jogoo. Kule kuna kaburi na makumbusho ya Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, aliyewaongoza Wanandi kupinga Waingereza na reli yao kwa miaka kama 11. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na afisa Richard Meinertzhagen akampiga risasi papo hapo. Wanandi wanasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na mpaka leo wanakidai. Fimbo zake tatu za uongozi ndizo zilizorudi, mwaka 2006, kutoka kwa familia ya huyo afisa.

Hapo binamu yangu, aliyetabasamu mbele ya mafuvu 139, alinyamaza. Nilimtazama kwa pembeni. Nadhani ni kwa kuwa hapa hapakuwa na fuvu la kutazama. Yale ya Philadelphia yana kabati, yana taa, yana mtu wa kuyapangusa vumbi. Alipotoka nje aliniuliza, bila kunitazama, kama na mimi nafikiri katika zile kabati za Ulaya kuna vichwa vya watu wanaotafutwa na wajukuu wao. Nikamwambia anayefahamu mambo ya kabati ni yeye.

Kisumu tulilala mahali pa shilingi 2,500 ambapo maji ya moto yalikuwa kwenye tangazo tu, na chandarua kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Mbu wa Kisumu hawana aibu. Asubuhi tukaenda makumbusho ya Kisumu tukiwa tumevimba vipaji vya uso. Ilifunguliwa 1980, na ukumbi wake mkubwa una simba aliyekaushwa amemrukia nyumbu, mapambano yaliyosimama hapohapo yasiishe. Watoto wa shule walikuwa wamejaa, mmoja analia, wenzake wanamsukuma amguse nyumbu. Nyoka wako hai, samaki wako hai kwenye vioo, na kuna boma zima la Kijaluo limejengwa nje, kila mke na nyumba yake. Tukasoma habari za mbuta, yaani sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 akawala fulu, samaki wadogo wa humo, mpaka aina nyingi zikatoweka. Binamu akasema huyo ndiye muuaji mkubwa kuliko wote tuliokutana nao safari nzima. Mchana tulimla, na nitarudi kwenye bei yake.

Kisiwa cha Rusinga ndiko nilikotaka kufika hasa, kwa sababu ya Tom Mboya, waziri aliyezikwa huko.

Tulipitia Bondo mpaka Luanda K'Otieno tukapanda feri ya kuvukia Mbita. Mimi nimekua na feri ya Likoni, ambako mwenye miguu hapati kuulizwa senti. Hapa unalipa. Nililalamika kwa sauti mpaka mama mmoja mwenye kikapu cha viazi akaniambia, mwanangu, hii nayo haizimi katikati. Nikalipa, na kweli, haikuzima.

Mbita tulichukua bodaboda wawili kwa shilingi 400 kila mmoja, kwenda na kurudi, kwa makubaliano ya mdomo mbele ya mashahidi. Daraja la kuingia kisiwani tukavuka, barabara ikaingia vumbi, na kabla ya nusu saa cheni ya pikipiki yangu ikakatika. Haikulegea, ilikatika, ikaanguka chini kama mjusi. Kijana akaiokota, akaitazama, akasema "dakika tano", akapanda nyuma ya mwenzake, wakaondoka wote wawili na vyombo vyao vyote isipokuwa ile pikipiki mbovu. Tukabaki sisi, jua, na boma la watu.

Ajuza mmoja alikuwa anaanika omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu. Nilimwamkia shikamoo. Alicheka sana, akaita mjukuu aje asikie, nikairudia, wakacheka wote. Kisha akatuletea vigoda chini ya mti, na maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati, na ufito mrefu ambao ulikuwa kazi yangu: kufukuza kuku. Omena wanapoanikwa wanameta kama sindano, na kuku wa Rusinga anajua kujifanya hapiti huko huku anapita hukohuko. Saa nzima nilikuwa nafukuza kuku.

Akatuuliza tunakwenda wapi. Binamu akamwambia makumbusho ya Mboya. Hakuelewa. Nikamwambia, kwa Tom. "Aa, kwa Tom," akasema, "si mseme." Akaonyesha kwa kidevu, kama anayeelekeza kwa jirani. Alikuwa msichana mwaka 1969. Alisema siku ya mazishi watu walifika mpaka nyasi zikaisha zikawa vumbi, na mama yake alipika uji kwa watu asiowajua.

Kisha akanigeukia. "Wewe nyar Mombasa," yaani binti wa Mombasa, "baba yako yuko?"

Yuko, nikamwambia. Babu ndiye aliyetangulia.

"Mmemzika upande gani wa nyumba?"

Nikamwambia hatukumzika nyumbani. Yuko Kikowani, makaburini, na watu wengine. Mkono uliokuwa unageuza omena ukasimama. Na watu gani? Watu tu, nikasema, Waislamu wenziwe. Na jina lake limeandikwa? Halikuandikwa, tuliweka jiwe kichwani na jiwe miguuni, basi. Alikufa alfajiri, na swala ya adhuhuri ilipomalizika tulikuwa tumemsitiri. Alikaa kimya akihesabu saa hizo. Mtu wake, akasema, hukaa mochari wiki mbili, tatu, mpaka wa Nairobi wafike, hema likodishwe, ng'ombe apatikane. Akauliza kwa huruma ya kweli kama tulikuwa hatuna pesa.

Binamu alikuwa anakufa kwa kicheko upande wa pili. Nilijaribu kueleza: kwetu heshima ya maiti ni kumharakisha. Akakubali kwa adabu, kama unavyokubali chakula usichokipenda ugenini. Lakini alirudi palepale. Mtoto wa mjukuu akitaka kumwona babu yake, atakwenda kusimama wapi? Nikasema atamsomea dua popote alipo. "Popote," akarudia, akamtupia kuku kijiti.

Yule kijana alirudi baada ya saa moja na nusu na cheni iliyotumika, ameshika na soda. Ajuza alimkemea kwa Kijaluo, maneno marefu, na kijana alifunga cheni bila kuinua uso. Tulipoaga ajuza alitutilia omena kwenye mfuko wa nailoni wa zamani aliokuwa ameuficha, maana siku hizi mifuko hiyo ni marufuku, akakataa pesa.

Kwa Tom tulikaa kidogo kuliko tulivyokaa kwa kuku. Kaburi limejengewa nyumba yenye umbo la risasi. Nilidhani ni maneno ya wasimulizi, sivyo, ni risasi kabisa, imesimama wima kati ya migomba na miti ya boma. Ndani kuna picha: Mboya na wakubwa wa dunia, Mboya na wanafunzi aliowatafutia ndege ya kwenda kusoma Marekani kuanzia 1959, Mboya kijana, maana hakuwahi kuwa mzee. Alikuwa na miaka 38, waziri wa mipango ya uchumi, alipopigwa risasi Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 akitoka duka la dawa Nairobi, barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Na upo mkoba aliokuwa nao siku hiyo.

Nilisimama mbele ya mkoba ule. Mkoba wa mtu wa ofisi, wa kubebea karatasi, wenye kishikio ambacho mkono umekizoea. Kwetu vitu vya marehemu havikai. Babu alipokufa, arobaini haijafika, kanzu zake zilikuwa zimeshavaliwa na watu wengine msikitini, na mimi niliwahi kuitambua moja kwa kiraka cha kwapa, mgongoni pa mtu nisiyemjua, nikafurahi. Naona ni vizuri hivyo. Lakini niliutazama mkoba wa Mboya nikajikuta nataka kujua miwani ya babu ilikwenda wapi. Ilikuwa na mguu mmoja uliofungwa kwa uzi wa kushonea, mweusi.

Binamu hakupiga picha. Nilimuuliza mbona, akasema hapa si kama kule, hapa watu wanaanua nguo nje. Kweli, kulikuwa na kamba ya nguo, na mtu anaita mtoto aje kuoga.

Kurudi Mbita, vijana wakadai 700 kila mmoja. Sababu: kusubiri. Nikauliza nani alimsubiri nani. Wakasema muda ni muda, haujali nani. Tukabishana mpaka steji nzima ikahukumu, hukumu ikawa 500, na mmoja wa mahakimu akaomba ya chai.

Usiku Kisumu nilimpigia mama. Nikamuuliza kaburi la babu liko safu ya ngapi.

"Ya kule kwenye mwarobaini," akasema. "Au ule wa pili. Ami yako ndiye ajuaye. Kwani una nini?"

Sina kitu. Na miwani yake?

"Miwani gani? Ile mbovu? Alipewa fundi saa, alikuwa haoni." Akanyamaza kidogo. "Wewe umekwenda Kisumu kula samaki au kufukua watu?"

Nikamwambia samaki nimekula, mbuta, shilingi 800, kipande kidogo kama kiganja, na ugali wanahesabu mbali.

"Mia nane!" mama akasema, na hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoanza hasa.