Okidi inayochanua chini ya udongo

Jana nimekesha nikisoma habari za Rhizanthella, jenasi (kundi la spishi za karibu) ya okidi adimu za Australia zinazochanua chini ya ardhi. Hazina majani wala ukijani. Zinalishwa na kuvu. Ya kwanza ilionwa mwaka 1928 na mkulima wa Corrigin, Australia Magharibi, na mtaalamu wa mimea Rogers akaiundia jenasi mpya, Rhizanthella. Ya mashariki mwa Australia ilipopatikana mwaka 1931, mtaalamu mwingine, Rupp, aliipa jenasi nyingine, Cryptanthemis. Hadi 1984 ndipo wataalamu wa okidi Clements na Cribb walipoihamishia Rhizanthella. Mimi nawaunga mkono kabisa! Tazameni picha za okidi hizi mbili: vijiua vidogo vya rangi nzito vimebanana kichwani, vimezungushiwa vijani vya ua (si majani ya kawaida) vilivyopauka. Hao ni ndugu, hata wakitenganishwa na bara zima.