Bulangeti ya Mama na ile kozi ya mikrobe

Kozi ya mikrobiolojia niliianguka sesyo ya kwanza: pointi 7 juu ya 20. Sioni haya kusema, maana waliopata 6 ndio waliokuwa wananipa mashauri. Hapa Bukavu kila mwanafunzi wa uuguzi anakwambia dawa ni moja tu: kariri. Bakteria hawa ni Gram chanya (ukiwatia rangi wanabaki zambarau), hawa ni Gram hasi (wanatoka wekundu), funga macho, meza, uende ukatapike kwenye karatasi. Nilimeza hadi nikawa naota Kilatini. Asubuhi ya mtihani orodha mbili zikachanganyikana kichwani kama fufu na mchanga.

Lakini aibu yenyewe ilikuwa labo. Asistenti alimpa kila mmoja chupa yake, tupake kwenye lamu, kile kioo chembamba cha darubini, tutie rangi, tuseme tumeona nini. Lamu yangu ya kwanza niliipitisha juu ya moto kwa bidii mpaka ikapasuka, paa! Ya pili ikaenda vizuri: rangi ya violeti dakika moja, lugoli, yaani yodi, dakika moja. Halafu alkoli ya kuondoa rangi. Simu zetu zilikuwa zimekusanywa mlangoni, saa ya ukutani imekufa tangu zamani, na jirani yangu akaninong'oneza, "Yaya, wewe sali tu, ndiyo hesabu yetu." Nikasali Baba Yetu nzima. Kwa kuwa nilikuwa na woga, nikaongeza na Salamu Maria. Nikasuuza, nikatia fuksini, ile rangi nyekundu, nikaweka tone la mafuta, nikachungulia.

Vidonge vidogo vya mviringo, vimeshikana vichala kama zabibu, vyote vyekundu. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: kokasi (bakteria wa mviringo) za Gram hasi, zenye vichala. Asistenti akasoma, akaita wenzake wawili waje kuona. "Dada, umegundua mikrobe mpya. Tuipe jina lako?" Ilikuwa stafilokoki, ile ya majipu, Gram chanya inayojulikana na kila mtu isipokuwa mimi.

Nilirudi nyumbani Kadutu nimenuna. Jikoni nikaona kichupa cha violeti ambacho dada yangu alimpaka mtoto mdomoni alipokuwa na utando mweupe. Nikasimama pale. Hii si ndiyo rangi ile ile ya labo? Ndiyo. Akina mama wanaipaka watoto wao siku zote, na mimi naiogopa kwenye silabusi.

Basi nikafanya labo yangu. Yodi nilinunua farmasi, franka kidogo tu. Alkoli ya farmasi bei yake ilinikatisha tamaa, nikaenda kwa jirani nikajaza chupa ya soda kwa kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji. Nikakata pembe ya bulangeti nzito na kipande cha mustikeri, yaani chandarua, kilichochanika. Vyote viwili nikavilowesha violeti, halafu yodi, halafu nikaanza kuvimwagia kanyanga taratibu.

Mustikeri ikaachia rangi mara moja, zambarau ikakimbia yote kwenye beseni. Bulangeti ikabaki zambarau. Nikatia maji mekundu ya betrave badala ya fuksini: mustikeri ikawa na wekundu wa kudanganya, bulangeti haikubadilika hata kidogo. Nilipiga kelele peke yangu! Ndio ukuta wa bakteria huo: bulangeti ni Gram chanya, mustikeri ni Gram hasi. Gram chanya ana ukuta mnene, alkoli inaukausha, unajibana na rangi inafungiwa ndani. Gram hasi ana ukuta mwembamba na juu yake koti la mafuta. Alkoli inayeyusha lile koti, rangi inatoka, naye anabaki kusubiri nyekundu. Hans Christian Gram, Mdenmaki, aliyaona haya Berlin mwaka 1884 akichungulia mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Mimi nimeyaona kwenye beseni ya kuoshea sombe.

Utundu ukanipeleka mbele. Nikaendelea kumwaga kanyanga juu ya bulangeti, na kwenye glasi ya tatu nayo ikaanza kupauka. Hapo nikaielewa Baba Yetu yangu. Ukizidisha alkoli, hata mwenye ukuta mnene atavuliwa nguo, na utaapa kwamba ni Gram hasi.

Ndipo Mama akaingia. "Kanyanga saa nne ya asubuhi? Na mtihani ni wiki ijayo?" Kueleza kulichukua muda mrefu kuliko jaribio.

Mshumaa pia nilijaribu, nikasugua kitambaa kwa nta: rangi ikateleza. Hiyo ni bakteria ya kifua kikuu, ile daktari Mjerumani Robert Koch aliyoitangaza mwaka 1882. Ukuta wake una nta, kwa hiyo fuksini inapashwa moto mpaka itoe mvuke ndipo iingie, na ikishaingia hata asidi pamoja na alkoli haziitoi. Moto kwa upande wangu ulikuwa pasi ya makala. Usiige. Pasi ilinuka mshumaa wiki nzima.

Tangu siku hiyo nimegombana na shemeji yangu, anayemeza amoksisilini kila akishikwa na mafua. Dawa za ukoo wa penisilini, kama hiyo, zinaharibu ujenzi wa ukuta wa bakteria. Mafua ni virusi, na virusi havina ukuta. Unabomoa nyumba gani? Ananijibu kwamba zinamsaidia. Mafua yanaisha yenyewe, shemeji!

Sesyo ya pili niliinamisha lamu, nikadondosha alkoli tone kwa tone, macho kwenye kinachodondoka. Kilipokaribia kuwa cheupe, maji hapo hapo. Ni kama nusu ya Salamu Maria, usifike "Maria Mtakatifu". Na kupaka iwe nyembamba, ukipaka kama siagi hakuna sala itakayokuokoa. Vichala vyangu vikatoka zambarau. 16 juu ya 20. Asistenti hakuita mtu.

Bulangeti kumbe ilikuwa ya wageni. Mama bado anaitandika, ile pembe iliyokatwa anaikunjia chini ya godoro, na mgeni akiuliza lile doa la zambarau lililobaki anaonyesha kidole upande wangu.