M ya "mtu"

Jumatano, saa nne usiku

Leo katika mazoezi ya kwaya, mama mmoja wa alto, sauti ya chini ya wanawake, aliinua mkono, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mbona hapa unatuimbisha kama wageni?" Nikamwomba auimbe ule mstari peke yake. Akauimba nilivyouandika, kisha akausema tu, kama anavyosema nyumbani kwake: mtu ni watu. Hapo nikasikia kosa langu.

M nilikuwa nimeipa noti fupi ya kuingilia, halafu "tu" nikaiweka juu, ndefu, kwenye pigo zito. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika neno hili silabi hiyo ni m yenyewe. Haina irabu, lakini uzito wote uko kwake. Na mkazo si pambo. Barabara ya magari na barabara ya "sawasawa" huandikwa vilevile, ila ya kwanza mkazo uko kwenye silabi ya tatu, ya pili uko kwenye silabi ya pili. Mtunzi asiyesikiliza anaweza kuharibu maana bila kukosea noti hata moja.

Kinachoniuma ni kwamba mmm ndiyo sauti ya kwanza ninayompa kila mwanafunzi. Miaka 17 sasa: fumba midomo, achanisha meno, mtetemo uusikie mashavuni na puani, pumzi itoke polepole. Nimesikia m ya kijana mwoga wa miaka 15 ikijaza chumba kabla hajathubutu kufungua kinywa. Lakini nikikaa kutunga, natunga kwa vidole. Sauti yangu ilifunzwa kwa nyimbo za Kiitaliano, lugha ya irabu wazi kama zetu, ila haina m inayosimama peke yake kama silabi. Hakuna aliyenifundisha la kuifanyia, nami sikuuliza.

Kwa muda mrefu nilikuwa na kinyongo na kufundisha. Wanafunzi asubuhi, kwaya jioni, na utunzi unabaki na makombo ya usiku. Ada za masomo ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Nyimbo zangu hutolewa fotokopi na kuimbwa, na hapo inaishia. Nilijiambia kwamba siku nikipata mwaka mmoja bila mwanafunzi, nitaandika kazi kubwa. Leo nadhani mwaka huo ungenipa kurasa nyingi za m iliyokaa mahali pasipo pake.

Nikiwa kwenye matatu nilikuwa naufikiria wimbo wetu wa taifa, wa Kenya. Mwaka 1963 watu watano walikabidhiwa kazi hiyo, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, wote watu wa muziki. Wangeweza kukaa mezani wakatunga kitu kipya cha gwaride. Walichukua wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Shuleni nilikariri habari hiyo kama historia. Usiku huu naiona kama uamuzi wa ufundi: wimbo uliokwisha kupita vinywani mwa akina mama unajua pumzi inaishia wapi.

Nimefuta ukurasa wote wa tatu. M sasa ina pigo la kwanza, zima, alto na besi wakiwa wamefumba midomo. Tenor wanaipokea pigo moja baadaye, na "tu" inashuka chini yake, nyepesi. Nimeiimba mara nne hapa mezani kwa sauti ya chini, watoto wamelala. Besi nitawashushia kidogo, maana m ya juu inawabana koo. Soprano bado sijui niwaweke wapi, labda wangoje hadi "watu".

Ijumaa yule mama ndiye atakayeimba wa kwanza.