Chupa mbili na mchanga wa Shangani: nilivyomaliza ugomvi wa hesabu za shule na mwanangu

Mwanangu hatulii. Wa kwanza waliniambia nimchape. Wakafuata wa kusema ana mashetani. Mzee mmoja akanishauri nisubiri likizo aende jandoni, akitoka huko atakuwa mtu. Jandoni atafundishwa mengi, lakini ADHD, yaani hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuweka akili mahali pamoja, haitibiwi huko, wala haiji kwa malezi mabaya. Ni namna ubongo ulivyo, mara nyingi ni ya kurithi, na dalili huanza kabla ya miaka 12, nyumbani na shuleni pia. Mtoto akisumbua kwa mwalimu mmoja tu, mtazame kwanza mwalimu.

Kwa mwanangu wa darasa la tatu, shida kubwa ilikuwa muda. Ukisema "dakika kumi" ni kama hujasema kitu. Nikaamua auone kwa macho, kwa saa ya mchanga.

Chukua chupa mbili za maji za nusu lita, kavu kabisa ndani. Mchanga wa ufukweni, kama huu wetu wa Shangani, usiutumie ulivyo: una chumvi, chumvi inavuta unyevu, na kwa hewa yetu ya Mtwara kesho utaukuta umeganda na kuziba tundu. Uoshe kwa maji ya bomba mpaka ukionja maji huhisi chumvi. Anika, kisha ukaange kwenye sufuria kavu hadi uteleze, uache upoe, uchekeche kwa chujio la chai. Vizibo vigundishwe mgongo kwa mgongo. Supaglu peke yake haishiki plastiki ile, kwa hiyo kwaruza kwa msasa kwanza na uzungushie tepu juu. Toboa katikati kwa msumari wa moto. Anza na tundu dogo. Kupanua ni rahisi, kuziba ni kazi. Tia mchanga kwenye chupa moja, funga chupa zote mbili kwenye vizibo hivyo, kisha geuza. Pima kwa saa ya simu, ongeza au punguza mchanga hadi itimie dakika 10. Gharama? Tepu na gundi tu.

Iweke ubavuni kwake. Ukiiweka mbele, atatazama mchanga na hesabu zitamsubiri. Mchanga ukiisha anakimbia hadi kwenye mwembe, anarudi, anageuza mwenyewe. Mizunguko mitatu kwa jioni inatosha.

Nilimweleza pia, maana ubongo ni wake: "Wewe si mjinga wala mkaidi, baba. Ubongo wako unachelewa kusema ngoja."
"Kwa hiyo mchanga ndio unasema ngoja?"
"Ndiyo, baba."

Amri iwe moja, umemshika bega. "Jiandae" haimfikii, "vaa soksi" inamfikia. Shambani usimwambie aokote korosho zote. Mpe kopo na mkorosho mmoja. Likijaa msifu hapo hapo, mpe jingine. Zawadi nayo iwe ya leo. Ukimwahidi baiskeli malipo ya korosho yakitoka, umepoteza maneno, hata sisi wakubwa kuyasubiri kunatushinda.

Dawa ni shauri la daktari. Methylphenidate, moja ya dawa za ADHD, kwa kawaida hunywewa asubuhi, kwani ikicheleweshwa inakata usingizi, na kwa kuwa hupunguza hamu ya kula, mtoto ale ashibe kabla ya kuinywa.

Shuleni niliomba mawili tu: akae mbele, mbali na dirisha, na awe mgawa madaftari. Sasa anainuka kwa ruhusa.